Faili Moja, Mzee

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyeiokota shajara hii, nakusihi, usimsimulie mtu. Hata mkeo. Hata akikubembeleza. Mimi ni karani wa majaribio katika ofisi ya ramani za viwanja, na kwetu kuta zina masikio, na masikio yana midomo.

Wiki hii ni ya kufa na kupona. Tunaojaribiwa tuko wawili, nafasi ya kudumu ni moja. Mwenzangu tunamwita Nimeshamaliza, kwa sababu ukimwuliza lolote hujibu hivyo. Leo mkuu wetu, Mzee, amechungulia mlangoni na kuniambia Ijumaa ana kikao. Anataka ramani zote za mtaa wa bondeni kwenye faili moja. Moja, sio mafurushi. Nimesema ndiyo, Mzee. Sikuuliza kitu. Anayeuliza huonekana hajui.

Jioni nimemaliza kuziunganisha zote kwenye kompyuta. Faili moja! Gigabaiti sita! Nililitazama kama mzazi. Kisha nikalihamishia kwenye flashi yangu. Kompyuta ikaandika: faili ni kubwa mno. Flashi ina gigabaiti thelathini na mbili! Sita inakosaje nafasi humo? Hesabu nilifaulu mimi.

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaza: flashi imeshiba. Nimefuta video ya harusi ya dada. Ilikuwa imekatwakatwa vipande, sijui kwa nini. Watu hawapendi kazi nadhifu. Nimejaribu tena. Kubwa mno.

Nimebadilisha jina la faili. Lilikuwa "Ramani Zote". Nimeliita "Kadogo Tu". Kubwa mno.

Nimeshamaliza amepita nyuma yangu akipiga mluzi. Kauliza mbona natokwa jasho na feni inazunguka. Nikamwambia nafanya mazoezi ya kupumua. Akasema basi nisiache, maana rangi yangu si nzuri.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji, mume wa dada, ni mwalimu. Ameniazima flashi yake mpya, kubwa mara nne ya yangu. Kanionya kwamba humo mna mitihani ya darasa zima, ole wangu nikiigusa. Nikaapa.

Kubwa mno!

Nikamkimbilia fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kumbe flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa zamani, na mfumo huo haupokei faili hata moja linalofikia gigabaiti nne, hata flashi iwe tupu namna gani. Ghala kubwa, mlango mdogo, alisema. Gunia halipiti, lakini ukichota kwa bakuli utalijaza ghala. Yaani nilikate faili vipande viwili. Nikamwambia kwamba Mzee kasema moja. Akasema basi niipange flashi upya kwa mfumo mpya, ila vyote vilivyomo vitafutika.

Halafu akanikazia macho. "Bwana mdogo, bosi wako umemwuliza anataka nini hasa?"

Nikamshukuru, nikaondoka haraka.

Alhamisi, 7 Machi

Dada kapiga simu. Naye kasema yaleyale: kaulize, hawatakutafuna. Basi nikaenda hadi mlangoni pa Mzee. Nikainua mkono kubisha. Akafungua mwenyewe. "Ndiyo?"

Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Akasema atakunywa, bila sukari. Ndiyo matunda ya ujasiri wangu.

Mchana sikuwa na njia nyingine. Flashi yangu nimeisahau nyumbani, mezani iko ya shemeji tu. Mimi ni mwangalifu, mitihani niliinakili kwanza kwenye kompyuta. Nikaipanga flashi upya. Faili likaingia lote, bila kinyongo! Nilitaka kumkumbatia mtu, lakini aliyekuwepo ni Nimeshamaliza.

Baadaye nikaifungua ile mitihani nihakikishe. Nilichonakili kilikuwa njia ya mkato tu, kile kialama cha kubofya ili ifunguke. Mitihani yenyewe haimo. Haipo popote.

Ijumaa, 8 Machi

Kabla ya kikao Mzee alinyoosha mkono. Faili. Nikamwekea flashi kiganjani. Akaigeuzageuza kama mtu aliyepewa jino la mwenzake. Hii nini? Nikamjibu: faili moja, Mzee, kama ulivyoagiza.



Akasema, polepole, kwamba chumba cha kikao hakina hata kompyuta. "Faili, kijana! Faili! La jalada gumu, lenye kamba!"

Nyuma yangu sauti ikasema, "Nimeshamaliza, Mzee."

Akaingia nalo. La kahawia, ramani zimechapwa, zimetobolewa, zimefungwa vizuri. Nafasi ya kudumu ni yake. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kaniambia tu: mwanangu, kuuliza si ujinga.

Nikasema ndiyo, Mzee. Nilitaka kumwuliza ana maana gani, nikaona si vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji hasemi nami. Wanafunzi wake, nasikia, wananiombea maisha marefu.

Lakini kumekucha! Wajumbe wa kikao wamezipenda ramani. Mzee ameagiza nizitume kwao kwa barua pepe. Hakusema zikiwa moja moja au vipi, na mimi si mtu wa kusumbua wakubwa. Nimeambatanisha faili lote, gigabaiti sita. Barua pepe si flashi. Haishikiki, itakuwaje na kikomo?

Ukitaka kunipata, usipige simu ya ofisini, sasa anaipokea Nimeshamaliza. Nyumbani kwa dada usipite kabisa. Niandikie barua pepe, jina langu lote kwa herufi ndogo, bila nafasi. Ila usitegemee jibu leo. Barua ya wajumbe bado inaondoka. Imefika asilimia moja, na nimeikodolea macho tangu asubuhi.