Nguzo Ndefu ya Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Daftari langu, leo nina habari. Huda, binti wa bosi Nasor, kamaliza chuo na kaingia kazini rasmi. Mtoto kasoma! Kaichora stoo yetu yote ya vyombo kwenye kishikwambi, ghorofa kwa ghorofa, kama vile kaijenga yeye. Anataka kila anayeuliza kitu kilipo aandike kauliza nini na nani kamjibu. Jumamosi tutaona nani anaulizwa sana.

Na kubwa zaidi: bosi anafungua stoo Buguruni! Msimamizi atakuwa mimi au Hajira wa ghorofa ya kwanza. Kutoka chumbani kwangu hadi hapo ni hatua mia mbili, na kanisa liko jirani. Ningewahi misa ya asubuhi kila siku badala ya Jumapili tu. Nimefikiri haraka. Anayeulizwa sana ndiye anayejua sana. Anayejua sana ndiye msimamizi. Nani atabisha?

Jumanne, 2 Septemba

Grafu ya kwanza imetoka. Nguzo mbili, na ya Hajira imenizidi! Nimeumia. Miaka kumi na tisa nipo hapa.

Chanzo nimekigundua. Shelfu zangu zina vibandiko. Mtu anasoma, anachukua, anashuka. Haniulizi! Na nilivibandika mwenyewe mwaka juzi, mjinga mimi. Mchana nimevibandua vyote. Filbert, mbeba mizigo wetu, kauliza kulikoni. Nikasema gundi inaleta mende. Kasema mama Eva, mende wa wapi hao wanaokula gundi? Nikamwambia wa Kariakoo wanakula hata plastiki. Si uongo mkubwa.

Jumatano, 3 Septemba

Utukufu! Nimeulizwa mara thelathini na nne. Mama Eva, hotpoti ziko wapi? Mama Eva, na birika? Glasi nimezihamishia nyuma ya mabeseni, ili hata wanaokumbuka waje. Nguzo yangu imepanda hadi juu ya kioo cha kishikwambi. Nyekundu! Huda kaitazama sana, kaniuliza kama kuna kilichobadilika huku juu. Nimesema ni baraka.

Hajira anajimaliza mwenyewe. Kachana maboksi matupu, kaandika kwa maka peni kila kitu kilipo, na mishale juu, hadi namna ya kufunga sahani zisivunjike safarini. Mwandiko safi, lazima niseme. Sasa hakuna anayemuuliza chochote. Nguzo yake fupi kama kisoda. Nimemwambia kwa upendo, mdogo wangu, usitoe kila kitu. Akacheka: dada Eva, na siku nikiugua? Nimemsalia rozari nzima.

Ijumaa, 5 Septemba

Ijumaa ya Kwanza ya mwezi, siku ya misa kwetu Wakatoliki. Saa sita nimetembea hadi kanisani Posta. Kwaya imeimba hadi nimelia. Simu nilizima, kwa heshima.

Kurudi saa nane, nimemkuta mzee Beno, mteja wetu wa Lindi, kakaa juu ya mzigo wake, mikono kifuani. Alitaka chupa za chai dazeni kumi. Wamepekua ghorofa yangu nzima, hawakuziona. Gari lake limeondoka bila yeye. Chini, Hajira naye hakuwepo, alimpeleka mama yake hospitali. Lakini wateja wake wote wamehudumiwa na kuondoka, kwa kusoma maboksi tu!

Mzee Beno kaniambia, mama, umefunga duka na ufunguo umeuacha kichwani mwako. Nimeipokea kama sifa.

Jumamosi, 6 Septemba

Kikao. Nimevaa kitenge cha sikukuu. Huda kaonyesha nguzo ukutani, yangu ikagusa dari. Nikaanza kusimama.

Kumbe! Kaeleza kuwa nguzo ndefu si ushindi, ni foleni. Inapopanda ndipo kazi inapokwama, watu wanamsubiri mtu mmoja. Kaeleza vizuri, kwa upole, bila kunitazama. Nimeelewa kila neno, na nilikuwa sitaki.

Buguruni kapewa Hajira. Nimempigia makofi ya kweli, maana yale maboksi ni kazi ya akili. Kisha Huda kasema hakuna anayevijua vyombo kama mimi, ninayegonga sahani nikasikia ufa usioonekana. Kaniomba niseme ninayoyajua, jambo moja moja, kwenye kishikwambi, wapya wa Buguruni wasikilize. Nimelia tena, mara ya pili wiki hii.

Jumatatu, 8 Septemba

Vibandiko nimevirudisha. Jana nimeungama. Padri kauliza vibandiko ni nini.

Sasa sikia. Huda kaweka grafu mpya: nani kafundisha mara nyingi. Hapa nguzo ndefu ndiyo nzuri. Nimemuuliza mara mbili, nikamuuliza na baba yake. Na Hajira anatafuta msaidizi wa huko Buguruni!

Sufuria zina saizi kumi na mbili, zote shelfu moja. Mtu mwingine angerekodi mara moja. Mimi nimerekodi kumi na mbili. Kisha mifuniko, kila mmoja na rekodi yake. Kisha vijiko. Hadi saa nne asubuhi nilikuwa na sauti themanini na sita, nguzo inapanda tu, Mungu mkubwa.

Saa tano Filbert kapanda, jasho linamtoka, kaniuliza machujio ya chai yako wapi. Kasikiliza sauti sitini, hajayafikia, na mteja yuko mlangoni.

Nimemwambia avumilie. Ni ya sabini na moja.