Neva za Mzee Kiragu Juu ya Mabati

Jumatatu, 7 Februari 1994

Bahati imenijia mbio! Mzee Kiragu, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga kule Gatina, mguu wake wa kulia umekufa ganzi. Jana alikanyaga msumari akaenda nao hadi kanisani bila habari. Ametangaza kwamba atakayeuamsha atapewa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Mimi ni fundi redio, miaka sita chini ya karatasi ya nailoni hapa Laini Saba, Kibera. Mvua ikija nafunika redio za watu, nalowa mwenyewe. Chumba hicho lazima nikipate! Urbanus, fundi wa kibanda cha pili, naye anakitaka. Eti atamshauri mzee aende kwa daktari. Akili ndogo kabisa.

Jumanne, 8 Februari

Nimempima mzee kwa testa yangu ya kupimia stima. Waya mmoja gotini, mwingine kidoleni. Mshale haukutikisika. Nikamwambia laini imekatika, akaitikia kwa huzuni. Mteja mzuri sana.

Jioni kwa binamu yangu Mercyline, mwalimu wa bayolojia. Akanichorea kitunguu chenye mizizi na mkia mmoja mrefu. Kumbe ndiyo seli ya neva! Mizizi inapokea habari, mkia unaipeleka. Ya mguuni, mkia unatoka karibu na uti wa mgongo mpaka kidoleni, umevikwa ganda la mafuta lenye mapengo, na stima inaruka pengo kwa pengo. Nikaguna. Waya wenye mapengo mimi hutupa.

Jumatano, 9 Februari

Nimerudi kwa Mercyline. Anasema stima ya neva haitembei kama ya waya. Kuna chumvi nje ya seli na nyingine ndani. Vijilango vinafunguka, ya nje inaingia, ya ndani inatoka, vijilango vya jirani navyo vinafunguka, hivyo hivyo mpaka mwisho. Halafu seli inarudisha kila chumvi kwake, tayari kwa habari nyingine.

Niliruka! Chumvi, stima, kujipanga upya: hiyo si betri? Na betri ikichoka, Kibera nzima inajua dawa yake. Unaianika juani. Mercyline aliniita nirudi, eti sijaelewa. Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Alhamisi, 10 Februari

Saa sita mchana. Nimemlaza mzee juu ya paa la choo chake, mguu kwenye mabati. Betri ni masaa mawili. Mguu ni mkubwa, nikampa matatu. Kila mara namuuliza kama anasikia kitu. Hasikii. Nikajua chaji bado. Mumbi, mkewe, akatoka na beseni la nguo, akauliza nani anachoma nyama.

Woi! Unyayo umejaa malengelenge, na mzee anatabasamu, ananiuliza kama imejaa. Mguu ulikuwa unaungua na hakuna neva hata moja iliyopeleka habari! Niliogopa. Urbanus, aliyekuwa amekuja na ushauri wake wa daktari, ndiye aliyembeba hadi zahanati. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani ya choo.

Jumatatu, 14 Februari

Daktari amesema ni ugonjwa wa sukari, ndio ulioharibu neva. Mzee angechelewa zaidi, mguu ungekatwa. Sasa ana dawa, na kidonda kitapona. Nani aliyemfikisha kwa daktari? Malengelenge yangu! Lakini chumba amepewa Urbanus. Leo ameweka spika mbili mlangoni. Nimezisikia nikipita upande wa pili wa barabara, machozi yakanitoka. Kupita huko kwenyewe nimekatazwa. Mumbi ameahidi kunichapa kwa mwiko wa ugali.

Mercyline ameniapisha juu ya Biblia kwamba sitagusa tena neva ya mtu. Nimeapa. Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu na nimelijua: sikumgeuza mzee upande wa pili.

Nashon, mpiga ngoma wa kanisani, analalamika mkono wake unatetemeka wenyewe. Stima imezidi, hata mtoto anaona. Nimemwambia aje kesho asubuhi. Niliapa kuhusu neva. Kuhusu fyuzi hakuna aliyeniapisha.