Foleni ya Kahawa kwa Ndevu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi mpya. Nimejipa mwenyewe. Kutembeza wageni mtaani kwetu: kahawa, keki, maduka. Zamani huu ulikuwa mtaa wa mafundi baiskeli na paka. Sasa kila mlango ni mkahawa wenye viti visivyo na migongo, na watu wanatoka mbali kuja kukaa vibaya. Nani anaujua mtaa huu kama mimi? Nimezaliwa hapa! Kahawa sinywi, inanipeleka moyo mbio, lakini hilo ni jambo dogo. Nimeshachagua msemo wa biashara: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mke wangu amenisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupiga pasi. Dalili mbaya. Kisha amesema sawa, nina mpaka Jumapili. Nikishindwa, Jumatatu naanza kwa baba yake, duka la magodoro. Nikamuuliza kuuza? Akasema kulala. Baba mkwe huweka mtu dirishani mchana kutwa, kavaa pajama, ili wapita njia waone raha ya godoro. Wa mwisho ameacha kazi kwa maumivu ya mgongo.

Mimi! Na pajama! Mbele ya mtaa mzima!

Jumanne, 4 Machi

Mambo yamenyooka, karibu. Meneja wa nyumba ya wageni ya pale kona anatafuta mtembezaji mmoja wa kumkabidhi wageni wake wote. Anataka kujionea mwenyewe. Jumamosi atatembea na mimi. Ijumaa atatembea na Mwamvuli.

Mwamvuli! Nimesoma naye. Tangu darasa la kwanza penseli yake ilikuwa imechongoka kuliko yangu. Siku hizi anatembea na mwamvuli wa manjano, jua lisiwepo, mvua isiwepo, na kundi la wageni nyuma yake kama vifaranga. Anatangulia yeye. Sawa. Kutangulia si kufika.

Nimeenda kujifunza kahawa kwa Ndevu. Ndevu ni mpishi wa kahawa, mtu mpole, mkahawa wake umebanana na duka la baba mkwe ukuta kwa ukuta. Kahawa yake inasifiwa na kila aliyeinywa, yaani watu wachache mno. Amenifundisha kuonja kitaalamu: unavuta kwa kelele, unazungusha mdomoni, unatema. Kisha unasema umesikia ladha gani. Wengine husikia maua. Husikia zabibu. Nikavuta, nikafikiri sana, nikamwambia nimesikia kahawa. Amenitazama kwa huruma akanimiminia nyingine.

Nilisahau kutema. Zote. Sasa nimeshapanga upya kabati zima la vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata Mwamvuli kwa siri, nimevaa miwani ya jua ya mke wangu. Amewasimamisha wageni mbele ya ukuta uliobambuka rangi, akawaambia hiyo ni sanaa. Wakapiga picha! Ukuta ule ni wa mjomba wangu. Hajaupaka rangi kwa uvivu tu.

Lakini nimeona jambo. Kufika kwenye duka la keki, palikuwa na foleni. Wageni hawakuuliza keki ni ya nini, wala kama ni tamu. Waliunga mkia. Mbwa wa mtu naye aliunga mkia. Mtaa huu hauli chakula, unakula foleni!

Basi Jumamosi Meneja ataikuta foleni kwa Ndevu. Nitaijenga mimi. Na ataipita foleni ile akiwa na mimi, mwenyeji, tukipungiwa mkono. Nimejipongeza mbele ya kioo.

Jioni mke wangu ameuliza miwani yake iko wapi. Nimeikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni inahitaji watu. Nimemwendea Shangazi, mwenyekiti wa kikundi cha kufuma masweta. Damu nzito kuliko maji. Amesema damu sawa, lakini keki je? Nimeahidi keki. Akasema wenzake ni watu wazima, hawawezi kusimama. Watakuja na vigoda vyao na nyuzi zao. Nikasema foleni ya kukaa haijawahi kuonekana duniani. Akasema basi itaonekana.

Nilipokuwa napima ukumbi wa nje kwa Ndevu kwa hatua, baba mkwe ametoka dukani na futi yake shingoni. Badala ya kunisalimu amenipima mabega. Kisha akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akarudi ndani. Nimebaki natafakari. Ni pajama hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya Mwamvuli. Nimemwekea mtego kidogo tu, wa kirafiki. Nimemnong'oneza muuza jibini kwamba yule mwenye mwamvuli wa manjano ni bwana afya aliyejifanya mtembezaji. Nilitegemea atafungiwa mlango.

Kumbe bwana afya hafungiwi mlango. Amefagiliwa njia! Amewekewa ubao mzima wa jibini, mikate ya moto, na viti vyenye migongo, ambavyo sikujua kama bado vipo mtaa huu. Nimechungulia dirishani. Meneja alikuwa anajilamba vidole. Muuza jibini ameniona, akaniinulia dole gumba kwa shukrani.

Nimeula wa chuya. Lakini kesho ni yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mkono ukiwa mzito.

Asubuhi foleni ilikaa vizuri. Shangazi mbele kabisa, mlangoni kwa Ndevu, wenzake nyuma, sindano zinakwenda. Nikaenda kumchukua Meneja. Nikampitisha kwenye ukuta wa mjomba, nikasema sanaa. Akasema jana aliambiwa.

Nisichokihesabu ni jua. Nyuma yangu jua lilipanda likamchoma Shangazi. Shangazi si mtu wa kuchomwa na jua kwa ajili ya keki. Akanyanyua kigoda, akahamia kivulini, chini ya turubai la jirani. Wenzake wote wakamfuata. Na foleni, popote ilipo, ni foleni. Wapita njia wakaunga mkia.

Tulipofika ilikuwa imezunguka kona! Machozi yalinilenga. Meneja akauliza wanangoja nini. Nikasema kahawa bora kuliko zote mjini. Nikataka kumpitisha mbele kama mwenyeji. Kijana mmoja akasema wenyeji wote wako nyuma. Tukaunga mkia. Tukingoja nikamfundisha kuvuta kwa kelele na kutema. Tukafanya mazoezi. Waliotutangulia wakasogea mbali kidogo.

Tukafika mlangoni. Aliyesimama mlangoni ni baba mkwe.

Ndani watu walikuwa wamejaa. Hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba amepanga foleni muda wote ule bila kujua anangoja nini, kwa hiyo walikuwa wananunua. Mito inatoka, magodoro yanatoka yamebebwa vichwani. Meneja akajilaza kujaribu. Akafumba macho. Alipoyafumbua akaagiza magodoro ya nyumba nzima ya wageni. Kisha akaniambia kwa upole kwamba wageni wake atampa Mwamvuli, maana jana angalau alikula.

Baba mkwe akanikumbatia. Siku ya harusi alinipa mkono tu! Amesema mtu wa kuvuta watu vile amezaliwa kwa biashara. Mke wangu alipopata habari alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sijamsikia akicheka hivyo muda mrefu, na iliniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Nikaenda kumwomba radhi Ndevu. Alikuwa peke yake, anafuta vikombe visivyo na uchafu. Hakunilaumu. Akanimiminia kikombe, akauliza nimesikia nini. Nilijitahidi, wallahi.

Kahawa.

Jumapili, 9 Machi

Pajama imeletwa. Ya milia. Inanikaa sawasawa, mabega hasa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa dirishani, nimelala. Godoro ni zuri, siwezi kusema uongo.

Mwamvuli amepita na wageni wa Meneja. Nikajifunika shuka. Amesimama! Amenielekezea mwamvuli. Kupitia kioo nimesikia neno moja tu: sanaa. Wakanipiga picha. Wengine waliunga mkia ili wapige na wao.

Wakaunga mkia. Mbele ya dirisha langu. Bila kuuliza!

Nimefikiri kwa haraka sana. Watu hawa wamechoka na viti visivyo na migongo. Wape kitanda! Kahawa ya Ndevu, unainywa umejilaza juu ya godoro la baba mkwe. Ndevu atapata wateja, mke wangu atajivunia, Mwamvuli atalia chini ya mwamvuli wake. Magodoro ni meupe, kahawa ni nyeusi, vitapendezana mno kwenye picha.

Baba mkwe ameenda kula. Nimegonga ukuta. Ndevu amekuja na birika kubwa, na wageni wameshaanza kuvua viatu.