Marehemu Kumi na Saba Walioshindikana Kufutwa

Kwa Fundi Khamisi,
Fundi wa Simu na Kompyuta,
Nyuma ya Soko,
Kasulu.

Ndugu Fundi,

YAH: KUTOFUTA ULICHOSEMA UMEFUTA

Salamu nakupa, ingawa hukustahili. Mimi mzima, watoto wazima, na hata wale niliowaandika kuwa wamekufa ni wazima wote. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Unanifahamu. Ni Evaristi, katibu wa chama chetu cha kuzikana, mtu aliyefika Dar es Salaam mara mbili na Bujumbura mara moja, bila kupotea. Shule niliachia darasa la sita, walimu walipoishiwa ya kunifundisha. Kazi yangu ni kuandika wasifu wa marehemu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mipango, naandika mapema, mwenyewe akiwa bado anatembea, naacha wazi nafasi ya tarehe. Msiba ukitokea wenzangu wanalia, mimi najaza tarehe tu.

Nilipotaka kuuza laptop yangu kuukuu nilikuletea uifute. Sasa pokea makosa yako:

1. Uliniambia, "Kaka Eva, hapa hata serikali haipati kitu." Nikaona kwa macho yangu ukiwasukumia marehemu wote kumi na saba kwenye kile kipipa cha taka na kukimwaga. Leo nimeelimishwa kwamba huko ni kung'oa tu kibao cha njia panda kilichoandikwa Nyakitonto. Kibao hakipo, lakini Nyakitonto ipo palepale na watu wanalima. Kufuta kwa kweli ni kuandika mambo mengine juu ya yale ya zamani, diski nzima, mpaka yafunikwe. Ulijua, fundi. Ulikuwa na haraka ya chai.

2. Mnunuzi ni Ridhiwani, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi kule Kibondo, muungwana kabisa. Alitia programu ya kurudisha vilivyopotea, akakutana na wasifu kumi na saba, karibu zote za mtaa mmoja, tarehe wazi. Akasema, "Inna lillahi, wanakufa kwa kasi mpaka katibu hapati muda wa kuandika tarehe!" Akazichapa zote kwa pambo la maua, akapakia mchele, sukari na wazee wanne, wakaja Kasulu kutuhani. Wa kwanza kumkuta ni Mzee Hatungimana, yuko juu ya paa anapigilia bati. Wakamuuliza msiba wa Mzee Hatungimana uko nyumba gani. Marehemu akajibu kutoka juu, "Ni hapahapa. Hebu nirushieni hiyo misumari kwanza."

3. Marehemu wamesoma. Mzee Hatungimana analalamika kwamba maisha yake nimeyamaliza kwa nusu ukurasa, wakati mdogo wake kapewa kurasa mbili na picha. Bi Zuleha muuza vitumbua, niliyemwandika "alipendwa na wote", anataka niwaorodheshe hao wote kwa majina awahakiki. Na mwenyekiti wetu, niliyemwandika "ametutoka tukiwa bado tunamhitaji", anasema kama bado tunamhitaji basi uchaguzi wa nini.

4. Hili la nne halinichekeshi. Mama mkwe wangu, Mama Maximilla wa Muyama, huu mwaka wa sita hajakanyaga kwangu, tangu niliposema kwenye ubatizo wa mwanangu wa pili kwamba mbuzi aliyetuletea amefikia umri wa kustaafu. Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Sasa, katika wasifu wake niliandika ukweli: kwamba mwanangu Anatolia alipozidiwa na homa, baba yake nikiwa Bujumbura natembea, mama huyu alimbeba mgongoni kwa miguu toka Muyama mpaka hospitali. Mtoto yule anaishi kwa sababu ya mgongo ule. Sijawahi kumshukuru. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumsifu, nikaona afadhali ningoje afe niseme kwa sauti.

Nakala yake niliiwahi mikononi mwa Ridhiwani nikaitia motoni. Lakini mama amesikia, na amesikia pia kwamba Ridhiwani, kwa aibu, amekuachia mashine uifute upya. Ameagiza kuwa Jumamosi atapita kwako achapiwe wasifu wake. Akiusoma yeye hai na mimi hai, uso huu nitauweka wapi?

Kwa hiyo nadai: kabla ya Jumamosi uandike juu ya diski ile mara tatu, kisha uitoboe kwa drili, kisha uiponde kwa nyundo, kisha vipande uvitupe mto Malagarasi, kila kimoja na siku yake.

Nisalimie mkeo, mafundi wenzako, yule mama wa chai aliyekuharakisha, na yeyote anayenijua, yaani Kasulu nzima.

Ni mimi niliyeaibika ila bado nang'ara,
Evaristi, Katibu.

N.B. Usifute! Mama mkwe hakungoja Jumamosi. Kafika leo kwa bodaboda na gunia la tangawizi, akakaa nje ya mlango amenipa mgongo, mimi ndani. Nikayasema niliyoyakumbuka, mke wangu akimrudishia neno kwa neno kana kwamba hatusikiani. Nilipomaliza aliwafukuza kuku waliokwisha kutuzoea. Kisha akasema, "Mwambie mumeo amesahau kwamba mvua ilikuwa inanyesha." Sasa hivi yuko jikoni kwangu anapika. Nakala pekee iko kwenye diski hiyo, maana ya karatasi niliichoma kwa ujuaji wangu. Ichape leo leo, uache mstari mmoja niweke mvua. Ile nafasi ya tarehe ndiyo uifute, na hiyo hata nyundo tumia.