Chumba cha Robyn Juu ya Dari

Jumatatu, 2 Juni

Robyn amepata nafasi ya kusomea uuguzi Bradford. Anaanza Septemba. Ndiye mjukuu pekee tuliye naye, mimi na Beryl, kwa sababu mwanangu Graham aliona dunia imejaa wanawake na bado akaenda kuoa binti wa Beryl, wa mlango wa pili. Wenyewe wanaishi Plymouth, mwisho kabisa wa nchi, kwa hiyo mtoto lazima akae kwa bibi. Swali ni bibi yupi.

Leo nikianika nguo Beryl akaniambia juu ya ukuta wa uani, kwa ile sauti yake ya kuringa, kwamba anageuza dari lake liwe chumba. Dirisha kwenye paa, bafu dogo, zulia la kijivu. Nikamwambia hongera, kijivu kinafanana naye. Nikaingia ndani nikapiga simu kwa fundi.

Anishinde kwa keki, sawa. Kwa mjukuu, hapana.

Alhamisi, 5 Juni

Fundi kaja. Ndevu na kompyuta. Akapima, akashusha pumzi, akanywa chai yangu vikombe viwili, akala biskuti sita, halafu akasema pauni elfu sitini na moja. Nikamwuliza kama hiyo ni pamoja na nyumba nyingine. Hii mimi na marehemu mume wangu Stanley tuliinunua kwa elfu nane na mia tano, choo kikiwa ndani.

Akanieleza polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Boriti za chuma. Ngazi ya kweli, si ile ya kukunja. Milango ya kuzuia moto nyumba nzima. Sufu ya kuzuia baridi. Nikamwambia sufu nimeishika kiwandani miaka thelathini, asinifundishe sufu. Akasema hii si ya kondoo. Juu ya yote, kodi ya serikali. Na ngazi ikipita, chumba changu cha kulala kitakatwa robo. Yaani nilipe elfu sitini na moja nipewe chumba juu, ninyang'anywe robo ya chumba chini. Nikamwambia wezi ninaowajua mimi huvunja dirisha, hawaombi biskuti.

Alitaka kuketi chumba cha mbele aandike hesabu zake. Nikamrudisha jikoni. Chumba cha mbele hakikaliwi. Nimekipangusa leo asubuhi kama kila Alhamisi: kochi la kijani, kabati la vioo, seti ya chai ya harusi ambayo haijawahi kuona chai. Mara ya mwisho kutumika ni mwaka 2011, Stanley alipolala mle siku mbili ndani ya jeneza, na hata yeye nilimtandikia gazeti chini.

Ijumaa, 6 Juni

Benki nina elfu tisa na mia nne. Hela za mazishi yangu, elfu tatu na mia nane. Sijapanga kufa mwaka huu.

Graham kwa simu akasema, Mama, mwachie tu Beryl, yeye ana urithi wa kaka yake. Nikamwambia nilimzaa kwa saa kumi na tisa na hakuna mtu aliyeniambia niache. Nikakata.

Clive wa klabu ya wazee atalifanya dari kwa elfu saba na mia tano, mkononi, bila karatasi. Mbao chini, taa, zulia, kitanda. Nikamwuliza, na boriti za chuma je. Akasema paa limesimama miaka mia na thelathini bila msaada wake, litaendelea. Huyo ndiye fundi. Nimempa zote, maana alisema mbao zinapanda bei kila siku.

Jumanne, 10 Juni

Clive kaanza. Saa nne alikuwa juu. Saa nne na robo mguu wake ulikuwa chini. Umetoboa dari ya chumba changu, juu kabisa ya mto wa kulalia, soksi ya kahawia, kidole gumba nje. Nikamwambia asitikisike asije akabomoa zaidi, nikaenda kutafuta ngazi, simu ikalia, nikajisahau kidogo. Niliporudi alikuwa bado yupo.

Tundu ameliziba kwa trei yangu ya chai. Kasema kazi hiyo haimo kwenye bei, ila kwa kuwa ni mimi, hanidai.

Jumamosi, 14 Juni

Mbao zimekaa. Kitanda kimepanda vipande vipande, mimi nikisukuma kutoka chini. Mto wenye maua, zulia nusu. Beryl fundi wake anaanza Alhamisi na mimi nishamaliza. Nilikuwa nimeanza kuimba.

Kisha Clive akaniita nipande nione kitu. Vinyesi vidogo vidogo, kama vya panya, lakini ukivisugua vinageuka vumbi. Akasema hao ni popo. Popo wana sheria zao nchi hii. Ukiwasumbua unashtakiwa, hata kama wamekaa kwako miaka bila kulipa kitu. Clive akasema lazima tusimame. Nikamwuliza ni nani atakayekwenda kushtaki, popo? Nikachukua ufagio.

Nikiwa nafagia ndipo akili ikanijia. Nyumba zetu zimeshikana. Kama mimi ninao, Beryl naye anao. Na fundi wake bado hajaanza.

Jumatatu, 16 Juni

Nimewapigia watu wa kulinda popo. Jina sikutaja. Nilibana pua nikasema mimi ni mpenzi wa wanyama, nimeona popo akiingia namba kumi na sita, kwa mama mmoja asiye na huruma ambaye Alhamisi anavunja dari. Wakaniuliza popo wa aina gani. Nikasema wa kahawia, mwenye familia. Yule dada wa simu alifurahi na kunishukuru mpaka nusura nijisikie vibaya.

Alhamisi, 19 Juni

Saa tatu mtaalamu wa popo kashuka mbele ya nyumba ya Beryl. Fundi akaambiwa asubiri nje. Beryl amesimama kizingitini na aproni, uso umemganda. Nikatoka kumpa pole. Nikamwambia ndiyo hivyo, Beryl, popo nao wanataka pa kukaa. Akasema, ahsante Winifred, umekuja upesi.

Nikarudi ndani nikaweka maji ya chai. Nikasikia hatua juu. Clive leo hakuja, ana miadi ya goti. Nikapanda ghorofani, nikasimama chini ya mlango wa dari. Ngazi ikafunguka yenyewe. Kwanza zikaja buti, kisha tochi, kisha dada mrefu mwenye kofia ngumu. Akaniuliza kwa upole sana kitanda kile ni cha nani.

Kumbe waliojenga nyumba hizi hawakuweka kuta huko juu. Dari ni moja, toka namba kumi mpaka kumi na nane. Miaka arobaini na saba naishi hapa na hakuna aliyeniambia, na siku ya ufagio nilitazama chini tu, kwenye vinyesi. Clive hakuniambia. Alidhani najua. Yule dada kapanda kwa Beryl akashukia kwangu.

Kwa Beryl kakuta vinyesi vichache. Kwangu ndiko wanakozalia. Majike sitini na watoto wao, na chini yao kitanda, mto wenye maua na ufagio.

Nikamwambia ufagio ni wa Clive.

Ijumaa, 20 Juni

Kazi zisimame, kwake na kwangu. Mpaka watoto wa popo waruke, halafu uchunguzi, halafu kibali. Uchunguzi pauni elfu moja na mia mbili. Nalipa mimi, kwa sababu ya kitanda. Clive kasema hela zote zimeshaingia kwenye mbao, na anashangaa namwuliza mtu mwenye goti bovu.

Jioni Beryl akagonga. Hakuingia. Akasema yule dada amemsimulia kuhusu mpenzi wa wanyama aliyepiga simu, mama wa makamo, anaongea kama ana mafua makali. Akaniwekea mkononi pakiti ya dawa ya mafua. Akasema, ugua pole, Winifred.

Nimeiweka kabatini, itanifaa majira ya baridi.

Alhamisi, 3 Julai

Robyn kaja kwa treni kutuona. Kakua, kakata nywele kama mvulana, mzuri vilevile. Nikampandisha nimwonyeshe trei kwenye dari na nimweleze nilivyoonewa. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Sikuona cha kuchekesha.

Kushuka, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha mbele. Akasema, Bibi, si uniweke hapa? Kina dirisha, kina pa kuwashia moto, mlango unafungwa. Nikamwambia hicho ni cha wageni. Akasema, kwani mimi si mgeni? Nikamwambia wewe si mgeni, wewe ni mjukuu. Akauliza, basi wageni wakija wanalala humu? Nikamwambia mgeni halali, mgeni anaketi. Akauliza ni lini mara ya mwisho mgeni kuketi. Nikamwambia kasisi, baada ya mazishi, na alimwaga chai.

Akasema, Bibi, chumba cha kupanga Bradford ni pauni mia sita kwa mwezi, na mimi nataka kukaa na nyinyi. Kisha akanibusu, akaenda kumsalimia Beryl.

Nilifikiri ameelewa.

Jumapili, 7 Septemba

Robyn kahamia. Kwa Beryl.

Beryl kaliuza kochi la chumba chake cha mbele, kabati kalisukumia kwenye njia ya kuingilia, kaweka kitanda. Huyo ni Beryl ambaye hata mimi hajawahi kuniketisha kwenye kochi lile, na ni mkwe mwenzangu. Lilikaa nje siku mbili kabla ya kuja kuchukuliwa, linanyeshewa, mtaa mzima unaona. Hana aibu.

Saa kumi na moja nikaingia chumba changu cha mbele. Si Alhamisi, lakini nikaingia. Nikaketi ukingoni mwa kochi, nikatoa kikombe kimoja cha harusi, nikakiweka ukutani, nikatega sikio. Wanakula mayai na chipsi. Robyn anampima Beryl presha na Beryl anajisifu kwamba iko sawa.

Mara ukuta ukagongwa, hapo hapo kwenye sikio langu. Robyn akasema, Bibi, tunajua uko hapo, chai iko mezani, njoo na keki yako ya tangawizi. Na Beryl nyuma yake akasema, mwambie ufagio auache nyumbani.

Nilingoja dakika tano wasije wakadhani nilikuwa nasubiri. Nikaenda. Nimeketi kwenye kitanda cha mtoto, maana kochi hakuna tena. Presha yangu iko juu. Wakati natoka Robyn akanisindikiza mpaka mlangoni mwangu, akasema mwezi mmoja kwa Beryl, mwezi mmoja kwangu, nikitaka. Kitanda kinapita mlango wa chumba cha mbele, alishapima. Nikamwambia asiwe na haraka, Bibi analishughulikia.

Na nimelishughulikia. Jawabu lilinijia nikikifunga chumba kwa ufunguo. Chini ya nyumba kuna ghala la zamani la makaa, hapo ndipo patakuwa chumba cha Robyn. Lina maji, lakini yanafika kifundo cha mguu tu. Nimeuliza, popo hawakai chini. Kwenye hela za mazishi bado kuna kitu. Clive anamjua mtu, na huyo mtu anakuja kesho saa tatu. Nimemwambia apite mlango wa nyuma na buti zake, asikaribie chumba cha mbele kabisa. Kochi limeingia alama pale nilipoketi. Nimelifunika plastiki.