Nilivyomchongea Dido kwa Wamarekani

Wanakwaya wenzangu, leo nimejiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe na hakuna wa kumsingizia. Kaeni chini niwasimulie.

Mnamjua Dido, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea hapa ugenini, Alby, tangu ana miaka minane. Sasa yuko chuoni Marekani, anacheza ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu. Yeye ndiye kotabeki, yule anayesimama nyuma, anatafuta mwenzake aliye wazi, anarusha mpira. (Nimejifunza! Miaka minne naangalia video zake kwenye treni nikienda kazini.)

Mwezi ujao timu za kulipwa zinachagua vijana kutoka vyuoni. Ukichaguliwa, maisha yamekunyookea. Usipochaguliwa, kofia unarudisha, unatafuta kazi kama sisi wengine. Na wale watu wanachunguza jamani! Wanapima mbio, wanapima mkono, wanapima mpaka kiganja. Wakimaliza mwili wanaingia kwenye tabia: wanapiga simu nyumbani kuuliza huyu kijana ni mtu wa namna gani.

Nyumbani ni kwangu.

Basi leo saa kumi jioni niko mbele ya kompyuta, nimevaa kitenge cha harusi, sambusa ziko mezani. (Najua hawawezi kula kupitia kompyuta. Lakini mgeni ni mgeni.) Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo binti yangu Aline, miaka kumi na saba, amekaa pembeni kutafsiri.

Wakatokea kwenye skrini wanaume watatu wa timu moja. Mkubwa wao, mwenye upara na sauti ya upole, akauliza, "Mama, Dido ni mchapakazi?"

Sasa nyinyi mnatujua. Mtu akikuuliza habari za mtoto wako, unamshusha kidogo. Ni adabu. Anayemsifu wa kwake mbele za watu hana malezi, tena anamwitia mtoto kijicho. Wewe unamshusha, mgeni anampandisha: "Aa mama, usiseme hivyo, mtoto huyu ni dhahabu!" Hapo unacheka, unasema tunamshukuru Mungu, mnakunywa chai.

Nikajibu, "Mchapakazi? Dido? Aa, huyo mvivu tu. Kumwamsha asubuhi ni vita."

Nikasubiri anipandishie mtoto wangu.

Mwenye upara akaandika.

Nikadhani sikumshusha vya kutosha. (Ndiyo, ndivyo nilivyofikiri. Nisameheni.) Akauliza, "Wenzake wanamfuata? Ni kiongozi?"

"Kiongozi! Hata soksi zake zinamshinda kuziongoza."

Sasa wakaandika wote watatu.

"Na mambo yakiwa magumu, anavumilia?"

"Huyo? Mwoga! Mbwa wa jirani akibweka, yeye yuko juu ya kabati."

Kalamu zinakimbia tu. Hakuna hata mmoja aliyesema "aa mama." Nikaanza kuwaonea huruma, nikasema moyoni, hawa nao walilelewa na nani? Na Aline anatafsiri neno kwa neno, hapunguzi kitu, mpaka akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mamma, sluta!" akanipigia kelele kwa lugha ya shuleni kwao. "Acha! Wanaandika!"

"Si wanaandika mazuri?"

"Mazuri gani? Umewaambia ni mvivu na mwoga!"

Mana we, Mungu wangu! Dakika kumi, na nimeharibu kazi ya mtoto ya miaka minne. Mtoto niliyeachiwa na dada yangu!

Nikasimama. "Waambie wafute!"

"Mama, mimi siwezi ku..."

"Wafute!"

Nikaikumbatia kompyuta, nikawatolea Kiingereza chote nilicho nacho. Kikaisha mapema. Nikalia. Si machozi ya heshima, hapana, kilio chenyewe cha msibani, na kamasi juu, wanaume watatu wananitazama. Nikawaeleza kwa Kiswahili kwamba mwaka ule nilipofanyiwa upasuaji wa mgongo, huyo ninayemwita mvivu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa anaamka kabla ya wote, anapika uji, ananisaidia kukaa, anamsuka Aline nywele (mistari imepinda kama njia ya ng'ombe, lakini alisuka!), anamfikisha shule, ndipo aende kwake. Miezi miwili. Hakulalamika hata mara moja.

Nikangoja tafsiri. Kugeuka, naye Aline analia. Ikabidi tumngoje.

Alipomaliza, mwenye upara akauliza polepole, "Sasa mama, tuandike lipi?"

"Andikeni hili la pili," nikasema. "La soksi liacheni hapo hapo. Ni kweli."

Akacheka, kwa mara ya kwanza. Wakaaga. Kama walifuta yale mengine, mimi sijui, na hilo ndilo ninalojiuliza mpaka sasa hivi ninapoandika.

Haikupita nusu saa Dido akapiga. Aline alikuwa ameshamwandikia kila kitu, mtoto huyu hana siri.

"Mama mdogo," akasema, "mimi nipande kabati?"

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Na kesho ni zamu yako kuhojiwa, sijui watakuuliza nini juu ya upuuzi wangu."

"Hayo nitayajibu. Lakini Aline ameniambia na yale ya uji, na nywele. Hukuwahi kuniambia kwamba uliyaona."

Jamani, ni kweli. Miaka kumi na minne namlea. Mungu namwambia kila siku nikipiga magoti. Yeye mwenyewe sijamwambia hata siku moja.

Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko ule upasuaji.

"Dido. Wewe ni hodari. Niliyaona yote, na najivunia wewe kuliko ninavyoweza kusema."

"Aa, mama mdogo," akasema taratibu, "mimi ni wa kawaida tu."

"Wee Dido! Ole wako uwajibu hivyo kesho!"