Basi la Anaclet Halitoi Moshi

Jumatatu, 8 Julai
Constance ameondoka. Amekwenda kwa dada yake, huko Kamanyola. Mke wangu amekuwa akikohoa tangu Pasaka. Daktari alisema ni vumbi na moshi. Constance akasema ni basi langu, ambalo kila alfajiri naliwasha chini ya dirisha letu. Nilimjibu kwamba Bukavu nzima inatoa moshi, kwa nini nilaumiwe mimi? Alijifunga kitenge, akasema polepole: "Papa Anaclet, siku bus haitatoa tena moshi, utaniita." Nimechoka. Nimekula viazi baridi nikiwa nimesimama.

Jumanne, 9 Julai
Meya ametangaza redioni: mabasi ya bure mwezi mzima, ili watu waache pikipiki na magari mabovu, hewa ya mji isafike. Nimekwisha! Nani atapanda basi langu la kulipia? Nimelala chali hadi mchana nikitazama dari.

Kisha wazo! Mji unakodi mabasi ya watu binafsi, mradi hayatoi moshi. Nikichaguliwa napata kazi, na Constance anarudi, maana serikali yenyewe itakuwa imesema basi langu ni safi. Shida ni kwamba si safi. Jirani yangu Venant, mwenye basi kama mimi, anataka kubadilisha chujio la mazuti, yaani dizeli, na kusafisha injini. Kujionyesha tu.

Alhamisi, 11 Julai
Ukaguzi. Venant alishinda jana kwa fundi. Mimi nimetumia akili. Dereva yeyote wa milima hii huzima injini kwenye mteremko ili kubana mazuti. Na uwanja wa ukaguzi uko chini ya mlima! Nililiegesha basi kule juu mapema, kabla wakaguzi hawajafika. Zamu yangu ilipofika, niliachia breki. Likashuka taratibu kama askofu anayeingia kanisani. Mabasi mengine yalikuwa yakinguruma, hakuna aliyegundua kwamba langu limezimwa.

Mhandisi Gisèle, mama mwenye miwani mizito, aliinama kwenye bomba, akanusa. Akasema hajawahi kuona gari la umri huu lenye adabu hivi. Akabandika karatasi ya kijani kwenye kioo. Venant naye amepita, lakini baada yangu.

Nimempigia Constance. Amesema anakuja kesho, ila atapanda basi hilo mwenyewe, aone.

Ijumaa, 12 Julai
Nilitegemea njia ya kushuka. Wamenipa ya kupanda mlima hadi Kadutu. Kupanda!

Kwa kuwa ni bure, walikuja wote: kina mama na mafurushi ya sombe, yale majani ya muhogo, wanafunzi, mzee mmoja na mbuzi wake. Constance alikaa mbele, kilemba kipya kichwani. Nilikanyaga mazuti. Moshi ukafunika barabara. Nilisikia mtu huko nje akiuliza nyumba ya nani inaungua. Katikati ya mlima injini ikagonga kwa kishindo, ikanyamaza. Abiria wakashuka kusukuma. Mama mmoja akalia: "Wanasema bus iko ya bure, kumbe ni sisi tuko tunaibeba!"

Gisèle akaitwa. Akabandua karatasi yake bila kunitazama.

Constance alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, akikohoa hadi machozi yakamtoka. Nilimshika mgongo. Niliogopa sana. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo likanizidishia hofu. Venant, aliyekuwa akipita, alisimamisha basi lake, akampandisha, akampeleka nyumbani. Adabu yake iliniuma kuliko tusi.

Jumapili, 14 Julai
Injini imekufa. Jana fundi alilivuta basi, akalichukua kama chuma chakavu. Kiwanja kimebaki kitupu.

Constance amebaki nyumbani. Tumetoka misa pamoja, akapanda ngazi zote za kurudi nyumbani bila kusimama. Sasa amelala, na tangu jana jioni hajakohoa hata mara moja. Nimekaa mlangoni nikisikiliza pumzi yake. Nimelia kidogo. Nimefurahi, na ninaandika hivyo wazi. Hewa safi ni kitu kizuri. Sijui kwa nini nilikuwa mbishi kiasi kile.

Baada ya chakula shemeji yangu Jean-de-Dieu alipita. Anasema huko Luberizi mtu anauza mashine ya kukoboa mpunga. Inatumia mazuti. Ni ya zamani kidogo, inatoa moshi kidogo, lakini ina nguvu. Nafasi ninayo, pale palipokuwa na basi. Constance asijue kwanza. Nitaiwasha akiwa misani tu, siku ambazo upepo unavuma kuelekea kwa Venant.